Jinsi ya kumtambua nondo wa kakao wa Asia (Conopomorpha cramerella)

Huyu ndo nondo anayewaliza wakulima wa kakao Indonesia, Malaysia mpaka Papua New Guinea. Afrika hajaingia, kwa hiyo wa Kyela msishtuke. Ni kadogo, mabawa yakitandazwa kanafika kama mm 12 tu, na kana ndugu zake wanaofanana balaa.

Hatua ya 1, anza na tunda. Tafuta kakao iliyopiga manjano kwa mabaka kabla ya wakati wake, ipasue. Ukikuta mbegu zimegandana hazibanduki na kuna vijia vya kahawia, jua kiwavi kapita hapo. Yeye mwenyewe mara nyingi humkuti, akishiba anatoboa ganda anatoka na kujifungia kwenye kifuko cha hariri juu ya jani au kwenye takataka za chini, sasa we chukua hilo jani na kifuko chake weka kwenye kopo ufunike na kitambaa, baada ya kama wiki anatoka nondo mpya ambaye magamba yake hayajapukutika. Wa kunaswa kwenye taa huwa wamechakaa, wanasumbua tu.

Hatua ya 2: mtie friza afe, kisha mwangalie kwa lenzi. Bawa la mbele jembamba, la kahawia, lina mistari myeupe ya zigizaga na nchani kadoa ka manjano ya chungwa. Vipapasio virefu, akitulia anavilaza nyuma. Hapo andika familia Gracillariidae, jenasi Conopomorpha, halafu weka kalamu chini.

Mana spishi huipati kwa mabawa. Zamani hata yule wa kwenye lichi aliitwa cramerella, mpaka 1986 mtaalamu wa nondo Bradley alipowatenganisha akatoa spishi mpya tatu: sinensis, litchiella na oceanica. Kwa hiyo ripoti ya zamani ya lichi inayosema cramerella usiibebe kichwa kichwa. Na tunda peke yake halitoshi, cramerella anakula shokishoki pia.

Hatua ya 3: ng'oa mguu mmoja uweke kwenye ethanoli kwa ajili ya DNA (kipande cha COI, jeni inayotumika kutambua spishi, chenye herufi 658). Mguu kwanza, tumbo baadaye.

Hatua ya 4, hapa ndo penye kazi. Kata tumbo, liloweke usiku kucha kwenye potasiamu haidroksaidi ya 10%, vaa glavu maana inaunguza. Asubuhi lisuuze kwa maji, sugua magamba polepole kwa brashi laini mpaka ibaki ngozi tupu, weka kwenye gliserini chini ya hadubini ulinganishe viungo vya uzazi na michoro ya Bradley ya 1986. Dume ni rahisi zaidi, anza naye.

Hatua ya 5, lebo: Conopomorpha cramerella (Snellen, 1904). Mabano usiyaache, yanamaanisha Snellen, aliyemwelezea kwanza, alimweka jenasi nyingine, na kwenye makala za zamani mtafute kama Acrocercops cramerella. Ongeza mahali, tarehe na mti aliotoka. Sampuli isiyo na jina la mti mi huwa siipokei.