Somo: kurudisha kijito kinachokauka bila kugombana na wenye vinyungu (bustani za bondeni za kiangazi)

Wakuu habari zenu. Huku kwetu Mufindi kijito chetu ikifika mwezi wa kumi kilikuwa kinabaki tope tu, na ile mikaratusi ya bondeni inayonyonya maji niliipanda mwenyewe na marehemu baba, kwa hiyo simnyooshei mtu kidole.

1. Tembea kijito chote mpaka kwenye chemchemi, tena kiangazi, masika kila kijito kinakudanganya. Geuza mawe majini, ukikuta kaa na watoto wa kereng'ende bado kuna uhai, ukikuta viminyoo vyekundu vya topeni tu ujue kuna uchafu unaingia huko juu.

2. Pima mita 60. Ndo sheria ya mazingira ya 2004 inavyosema, ndani ya hapo hakuna shughuli za kudumu. Mimi nilitumia kamba ya mita 20 mara tatu na mwenye kinyungu nikamshikisha upande wa pili, maana ukimpimia hayupo umeshaharibu. Kinyungu ndo mahindi mabichi na mboga za kiangazi jamani, huwezi kumwambia mama wa watu atoke kesho! Tuliachia kwanza eneo la chemchemi, mwaka uliofuata tukashuka chini kidogo kidogo.

3. Mikaratusi kata ila kisiki using'oe, ukingo utabomoka. Itachipua, na wewe unakata, inachipua tena unakata tena.

4. Panda mivengi, miti ya asili ya kando ya maji, mvua zikishakolea. Mbegu zake usianike ukatunza stoo kama mahindi, zinakufa, sia zikiwa bado mbichi.

MASWALI

– Mkuu mikaratusi ndo ada ya wanangu, nikate yote?
Hapana ndugu yangu, ya mlimani iache, shida ni ile iliyosimama majini.

– Sisi wa Dar inatuhusu nini?
Hahaha. Kijito hiki kinaingia Ruaha Mdogo, ule unaingia Ruaha Mkuu, unapita bwawa la Mtera unashuka Kidatu kwenye mitambo ya umeme ya megawati 204. Na huo Ruaha Mkuu tangu 1993 unakatika kiangazi kule Hifadhi ya Ruaha. Feni yako inatuhusu wote.

– Maji yalirudi lini?
Mwaka wa tatu, membamba kama kidole ila mwezi wa kumi yanatiririka. Sasa kuna jamaa kaleta pampu hapo chini, kesho naenda kwake na kamba yangu.