Kuziba matundu madogo kwenye paa la gari la kukunja la vinaili

Kabla ya kushika gundi, pima kama paa bado linabeba kiraka. Libane karibu na tundu kwa vidole viwili, ulikunje. Likikunjika laini, endelea. Likitoa nyufa ndogondogo, ujue vilainishi vya plastiki vimeshakauka kwa jua; kiraka kitashika, halafu paa litachanika pembeni yake. Hilo ni la kubadilisha, na pesa ya gundi iweke huko.

Hakikisha pia ni vinaili kweli. Vinaili ina sura ya ngozi kwa nje na kitambaa kwa ndani. Paa lenye nyuzi zinazoonekana kwa nje ni la turubai, na gundi ikilidondokea huacha doa lisilotoka, kwa hiyo maelezo haya hayalifai.

Matundu yatafute usiku: mmoja apite nje na tochi, mwingine akae ndani aangalie mwanga unapopenya. Zungushia chaki. Kalamu ya wino usiitumie, maana wino huzama ndani ya vinaili na kuchomoza tena hata juu ya rangi mpya. Wala zulia lililolowa lisikudanganye. Kwenye Mazda MX-5 za kizazi cha kwanza, 1989 hadi 1997, njia za kutolea maji ya paa ziko nyuma ya viti, kila upande, na zikizibwa na majani maji humwagika ndani ya gari hata kama paa ni zima.

Kisha tafuta chanzo. Kunja paa polepole ukitazama vyuma vinavyokwenda. Kama tundu limekaa juu ya kiungo cha chuma, aghalabu nyuma kidogo ya dirisha la mlango, basi ni chuma kinachosaga, na kiraka chako nacho kitasagwa. Bandika kitambaa kinene kwenye kiungo hicho kwanza.

Kwa tundu lisilozidi milimita 3, tone la gundi linatosha. Hadi sentimita 3 hivi, weka kiraka cha ndani. Zaidi ya hapo, au likiwa kwenye mshono, mpelekee fundi wa viti vya magari, naye ashone kwa uzi wa poliesta. Wa pamba huoza.

Gundi ndiyo inayoharibu kazi nyingi. Ile ya njano ya mafundi viatu inashika vizuri mwanzoni, lakini vilainishi vya vinaili huhamia ndani yake na kuilegeza, na jua la mchana likipiga kiraka kinateleza. Supagluu hukauka ikawa kama kioo, ikakatika paa linapokunjwa. Gundi ya mabomba ya PVC ni ya plastiki ngumu. Kwenye vinaili laini huacha pahali pamekakamaa. Silikoni ni mbaya kupita zote: haishiki sawasawa, na ukiibandua huacha utando unaokataa gundi nyingine yoyote. Tumia gundi ya vinaili kama HH-66, ile ya maturubai ya vinaili ya malori na maboti ya kujazwa upepo, au gundi ya viatu ya poliyurethani, iliyoandikwa PU. Wauza vifaa vya viatu wanayo.

Kiraka kiwe cha vinaili nyembamba ya rangi ileile. Masalio ya fundi viti au ya washonaji wa paa za bajaji yanafaa kabisa. Kikate kizidi tundu kwa sentimita 2 kila upande na pembe ziwe za mviringo, kwani pembe kali ndiyo inayoanza kubanduka.

Osha paa kwa maji na sabuni, uliache likauke usiku kucha. Kitambaa cha ndani kikiwa na unyevu gundi haiingii. Kisha futa kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 70 au zaidi, ukibadilisha kitambaa cheupe mpaka kitoke safi. Usiwe na haraka hapa: paa huenda lilipakwa polishi ya dashibodi, na nyingi zina silikoni, nayo hukataa gundi. Thina na petroli ziache, zinaila vinaili. Kata nyuzi zilizotoka. Kama ni mchaniko, toboa kitundu cha milimita 2 kila mwisho wake ili usiendelee.

Fanya kazi kivulini, madirisha yakiwa wazi kwa ajili ya mvuke wa gundi. Fungua komeo za mbele bila kulikunja paa, lilegee na kingo za tundu zikutane. Paka gundi nyembamba kwenye kitambaa cha ndani na kwenye uso wa vinaili wa kiraka. Kitambaa kitainywa, kwa hiyo subiri dakika 15, upake tena pande zote mbili. Baada ya dakika 5 hadi 10, inapong'ang'ania kidole bila kuvuta nyuzi, bandika. Ikiwa ni PU, ipashe moto kwanza kwa mashine ya kukaushia nywele. Mwenzako ashike ubao uliofungwa nailoni kwa chini, wewe sugua kwa mgongo wa kijiko kutoka katikati kwenda nje.

Paa lenye kitambaa cha dari ndani lina mbinu yake. Pitisha uzi katikati ya kiraka, kikunje ukisukumize tunduni kwa kibano, ingiza gundi ya vinaili kwa brashi ndogo, kisha vuta uzi juu mpaka gundi ishike. Ukate.

Kishimo kilichobaki juu kijaze gundi kwa tabaka 2 au 3 nyembamba, saa moja kati ya tabaka na tabaka. Ukilijaza kwa mkupuo, mvuke unanaswa ndani na kuleta mapovu. Malizia na rangi ya vinaili ya kupuliza. Ya bodi ya gari hupasuka. Maji baada ya saa 24, kukunja baada ya 48.

Kiraka kikibanduka, soma gundi iliyobaki. Ikiwa yote imebaki kwenye kiraka, paa lilikuwa chafu. Ikiwa iko pande zote mbili na inang'aa, ulichelewa kubandika. Ikiwa iko pande zote mbili na inavuta nyuzi, uliwahi mno, au umetumia ile ya njano.