Usitoke Makao Bila Faili Lako

Nilipotimiza miaka 18 nilitoka makao ya watoto na godoro, blanketi na begi la nguo. Faili langu lilibaki kabatini. Ilinichukua miaka minne kulirudia. Wewe uliye kidato cha nne, anza kulitafuta sasa, ukiwa bado unalala ndani ya geti hilo. Ukishatoka utakuwa mgeni wa kuketishwa kwenye benchi.

Karatasi ya kwanza kuitafuta ni amri ya mahakama iliyokuweka makao. Tafuta pia ripoti ya afisa wa watoto, karatasi za hospitali kama zipo, na kama ulipitia polisi, namba ya OB, yaani kitabu cha matukio cha kituo. Namba hiyo inakili pamoja na tarehe na jina la kituo, maana peke yake haitakufikisha popote.

Andika barua ya ombi, nakala mbili, na yako igongwe muhuri wa siku uliyoipeleka. Taja kwa heshima kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inakupa haki ya kuona taarifa zako. Ukizungushwa, nenda kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo. Usidhani faili la makao ndilo pekee: ofisi yake huwa na lake, na mahakama ina jalada. Na usikawie. Serikali ina mkakati wa 2022 hadi 2032 wa kuwarudisha watoto kwenye familia, na mimi nauunga mkono kwa moyo wote, lakini makao yanapofungwa au kubadilishwa kazi, lazima mtu aulize kabati la mafaili linapelekwa wapi.

Ukilipata, linganisha majina na tarehe. Mimi nilikatiwa keki kila Agosti, kumbe cheti cha kuzaliwa kinasema Machi. Rekebisha kabla hujasajiliwa kwa KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne, la sivyo kila dirisha litakurudisha.

Kwenye kitambulisho ndiko wengi wetu hukwama, kwa sababu utaulizwa vitambulisho vya wazazi. Kuna watakaokushauri uazime mama wa rafiki. Usikubali! Utakuwa umeandika uongo kwenye fomu ya serikali, na uongo huo utakufuata hadi pasipoti. Kama uliokotwa ukiwa mdogo, soma kifungu cha 14(4) cha Katiba ya 2010: mtoto anayepatikana Kenya, anayeonekana hajafika miaka minane, na ambaye uraia wake na wazazi wake hawajulikani, huchukuliwa kuwa raia wa kuzaliwa. Nenda na nakala ya kifungu hicho, amri ya mahakama, cheti cha kuzaliwa na barua ya afisa wa watoto. Jitambulishe mapema kwa chifu wa eneo la makao, akujue kwa sura. Bila kitambulisho huna laini kwa jina lako, na bila laini huna M-Pesa. Miezi saba mshahara wangu wa kibarua ulipitia simu ya mtu mwingine, na haukuwa ukifika wote.

Faili usilisome peke yako. Mimi nilisoma na dada tuliyelala naye chumba kimoja tangu utotoni. Ukurasa wa tatu, kwa kalamu ya buluu: "Msichana, miaka miwili hivi, gauni la njano, ndala za plastiki, ya kushoto haina mkanda." Chini yake jina la askari aliyeandika, na hapo nikajua jina langu la pili lilitoka wapi. Dada alinishika mkono tukakaa kimya muda mrefu.

Piga picha kila ukurasa, na nyuma pia, maana maafisa huandika hata nyuma. Halafu mtafute mpishi wa zamani, mlinzi, mama mlezi aliyestaafu. Uliza uliletwa saa ngapi, na nani, ukiwa unalia au umelala. Andika walivyosema, weka tarehe. Mpishi wetu ndiye aliyeniambia kwamba usiku wa kwanza nilikataa uji, nikala ndizi mbili, na nikalala na maganda mkononi.