Kijana wako anacheza futiboli ya Kimarekani? Njia ya kufika chuoni, hatua kwa hatua

Mimi ni kocha msaidizi wa shule ya sekondari kaskazini mwa Texas, upande wa mstari wa mbele, wale vijana wanene wanaogongana kila sekunde. Nilitoka Kakamega na raga yangu, nikaupata mchezo huu ukubwani. Jumapili baada ya ibada hakukosi mzazi wa kunivuta pembeni, Mkenya, Mtanzania au Mkongomani: "Kocha, huyu wangu atapata skolashipu?" Nami humuuliza kwanza, transkripti yake, ile karatasi ya masomo na alama zake, iko wapi?

Kila mwaka kuanzia katikati ya Aprili hadi Mei, makocha wa vyuo huzunguka shuleni kutazama vijana. Mwaka mmoja alikuja kocha kumwona linibeka wetu, mlinzi anayesimama nyuma ya mstari wa mbele, kijana wa Kikongo mwenye mbio za ajabu. Nilishafungua kompyuta nimwonyeshe video. Hakuitazama. Aliomba matokeo, akapitisha kidole mstari kwa mstari, akanirudishia karatasi na kuniuliza habari za mchezaji mwingine. Madarasa mawili ya Kiingereza cha wageni ambayo kijana alikuwa ameyategemea hayakuwa yanahesabiwa. Hakuna aliyemwambia, na mimi nikiwemo.

1. Hesabu masomo ukiwa darasa la tisa

NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, inadai masomo ya msingi 16. Kwa Divisheni ya Kwanza, ngazi yake ya juu, ni Kiingereza miaka 4, hesabu 3 kuanzia aljebra ya kwanza, sayansi 2, sayansi ya jamii 2, mwaka mmoja wa ziada wa Kiingereza, hesabu au sayansi, halafu 4 ya kuchagua kwenye orodha yao. Wastani wa masomo hayo usishuke chini ya 2.3 kwa kipimo cha 4.0; Divisheni ya Pili ni 2.2. Mtihani wa kuingia chuo, SAT au ACT, hawaudai tena tangu 2023, ingawa chuo chenyewe kinaweza kuutaka.

Kinachowanasa wengi ni hiki: masomo 10 kati ya 16 yawe yamekamilika kabla ya kuanza darasa la kumi na mbili, na 7 kati ya hayo yawe Kiingereza, hesabu au sayansi. Alama za hayo 10 zinafungwa hapo. Huwezi kurudia somo mwaka wa mwisho ili kuziinua.

Kila shule ina orodha yake ya masomo yaliyokubaliwa kwenye tovuti ya NCAA. Ifungue pamoja na mshauri wa shule, mlinganishe jina la somo neno kwa neno. Usiridhike na "nadhani linahesabiwa".

2. Kama ulianza sekondari nje ya Marekani

Saa ya NCAA inaanza siku ulipoingia mwaka wa tisa wa shule mara ya kwanza, popote pale duniani, na kwa Divisheni ya Kwanza una miaka minne tu ya kumaliza masomo ya msingi. Kijana aliyesoma mwaka huo Nairobi au Bukavu, kisha akarudishwa darasa la tisa alipofika huku, ameshakula mwaka mmoja bila kujua. Tafuta vyeti vya kule mapema, katika lugha yake ya asili pamoja na tafsiri. Ndugu aliyebaki nyumbani mtume shuleni yeye mwenyewe, maana simu hazipokelewi.

3. Pima ngazi yako bila kujidanganya

Vyuo unavyoviona kwenye televisheni Jumamosi ni vya ngazi ya juu kabisa, zaidi ya 130 hivi. Chini yake kuna FCS (daraja la chini la Divisheni ya Kwanza), Divisheni ya Pili, NAIA (chama kingine cha michezo ya vyuo), vyuo vya miaka miwili, na Divisheni ya Tatu yenye vyuo zaidi ya 200 vinavyocheza. Divisheni ya Tatu haitoi ufadhili wa michezo, lakini hutoa msaada wa masomo na wa kipato cha familia, na nimeona familia ikilipa kidogo huko kuliko kwenye "ofa" ya nusu ya chuo kikubwa zaidi.

Juu huko pamebanwa. Wachezaji wanaohama chuo hadi chuo huchukua nafasi ambazo zamani zilikuwa za watoto wa sekondari, na tangu 2025 vyuo vilivyoingia kwenye makubaliano mapya ya mahakamani ya kuwalipa wachezaji vina ukomo wa kikosi cha watu 105. Muulize kocha wako: "Mimi ni wa ngazi gani?" Kisha nyamaza umsikilize.

Kuchelewa kuanza si kesi. Tim Biakabutuka alizaliwa Kinshasa, akakulia eneo la Montréal, Kanada, akaanza futiboli sekondari. Mwaka 1995 alikimbia yadi 313 kwenye mechi moja dhidi ya chuo cha Ohio State akichezea chuo cha Michigan.

4. Video

Dakika tatu hadi nne kwenye Hudl, tovuti ya video za michezo, zinatosha. Mchezo wako bora kabisa uwe wa kwanza, kwa sababu kocha anaweza kuzima baada ya klipu ya tano. Weka duara au mshale juu yako kabla mpira haujaanza, la sivyo atamtazama jirani yako. Ondoa muziki wa matusi. Ondoa marudio ya taratibu. Na usikate klipu mapema: kocha anataka kuona kama uliendelea kukimbia mpira ulipokwenda upande wa pili wa uwanja.

5. Waandikie wewe, si baba

Tafuta kocha wa nafasi unayocheza, au yule anayeshughulikia eneo lenu, kwenye tovuti ya chuo na kwenye mtandao wa X. Ujumbe uwe mfupi, kwa Kiingereza, ukibeba haya: "Kocha, mimi ni linibeka, ninahitimu 2027. Futi 6 na inchi 1, paundi 215. Wastani wa masomo ya msingi 3.1. Video na transkripti ziko hapa chini, na namba ya kocha wangu."

Kabla ya Septemba 1 ya darasa la kumi na moja, kocha wa Divisheni ya Kwanza haruhusiwi kukuandikia binafsi kuhusu usajili, hivyo kimya chake si dharau. Anaweza kukutumia fomu ya maswali au tangazo la kambi ya mazoezi ya kulipia.

Tangazo la kambi, jamani, si mwaliko. Barua inayosema "tumekuona" huenda imetumwa kwa mamia. Kabla ya kulipa, mwandikie kocha wa nafasi yako umuulize kama ameangalia video yako. Asipojibu, hela hiyo nunua viatu.

6. Ofa

Ofa ya mdomo haimfungi mtu, wala ahadi yako ya mdomo haikufungi. Uliza hivi: "Nikikubali leo, mnanipokea leo?" Akianza kuzunguka, umepata jibu. Uliza pia ni asilimia ngapi ya gharama, kwa miaka mingapi, na ukiumia inakuwaje.

Jaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali ya Marekani, hata ukiwa na ofa. Mkimbizi, aliyepewa hifadhi na mwenye kadi ya kijani wanastahili. Mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1 hastahili, na huyo asiguse malipo ya kutumia jina na sura yake kibiashara kabla ya kuongea na wakili wa uhamiaji.

7. Kusaini, na karatasi ya mwisho

Kuna dirisha la kusaini la Desemba na la Februari. Ile barua ya kitaifa ya zamani, ya kujifunga na chuo, ilifutwa 2024. Sasa unasaini makubaliano ya msaada wa fedha na chuo chenyewe. Soma kila ukurasa nyumbani, kabla ya sherehe ya kusaini, siku ya kofia na kamera.

Kuanzia Aprili 1 ya mwaka wa mwisho, ingia kwenye akaunti yako ya NCAA uombe uthibitisho wa mwisho kwamba wewe si mchezaji wa kulipwa. Ukishahitimu, mwambie mshauri atume transkripti ya mwisho yenye tarehe ya kuhitimu. Fanya hivyo kabla ofisi ya shule haijafungwa kwa likizo, maana bila karatasi hiyo faili linabaki wazi.