Kabla Hujamwambia Mtu "Unastahili": Kwa Anayeanza Kazi ya Ustawi wa Jamii Lamu

Vijana wa vyuo huja Amu, yaani mji wa Lamu, kufanya mazoezi ya kazi ya ustawi wa jamii. Wanakuja na moyo mzuri, daftari jipya na viatu visivyofaa botini. Sera ya jamii walijifunza kwa ajili ya mtihani, na mtihani ulipoisha nayo ikaisha. Nawaandikia nyinyi. Sera ndiyo inayoamua nani atalipwa, nani atatibiwa kwa gharama ya nani, mtoto aliyefiwa ataishi wapi, na ni ofisi gani yenye mamlaka. Usipoijua, utakuwa mbeba fomu tu.

Anza na Katiba ya Kenya ya 2010. Kifungu cha 43 kinaitaka serikali iwape hifadhi ya jamii wasioweza kujikimu. Wengi huishia hapo wakapiga makofi. Rudi nyuma usome na cha 21: haki hizo zitatimizwa hatua kwa hatua. Maana yake, kati ya haki iliyoandikwa na shilingi iliyo mkononi pana sheria, bajeti na orodha ya majina. Kazi yako nyingi itakuwa humo.

Jua nani anashika nini. Shule za chekechea na zahanati ni za kaunti. Shule za msingi na sekondari ni za serikali kuu. Pesa za Inua Jamii, zile wanazopewa wazee, yatima na wenye ulemavu mkubwa, pia ni za serikali kuu, hata gavana akizitaja mkutanini. Basari ziko za kaunti na ziko za hazina ya eneobunge, na fomu zake si moja. Usimtoe mama Kiunga kwa boti kufuata ofisi isiyohusika. Nauli hairudishwi.

Kisha tazama mwaka wa karatasi unayoisoma. NHIF, bima ya afya ya zamani, iliondoka, na SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, ikaanza Oktoba 2024. Sheria ya Watoto ni ya 2022, si ile ya 2001. Sheria ya watu wenye ulemavu ya 2003 nayo imepisha ya 2025. Bado nakutana na watu wanaofundisha kwa zile za zamani bila wasiwasi wowote.

Hili la mwaka wa karatasi nitalikalia, kwa sababu nimeona alivyoumia mtu.

Alikuja mwanafunzi mmoja, kijana mwenye adabu, akapelekwa Kizingitini, kisiwani Pate. Alipofikia palikuwa na bibi mjane, kitambulisho chake kinaonyesha amepita miaka 65 lakini hajafika 70. Jirani yake, ambaye si mkubwa sana kumshinda, alikuwa akipokea pesa za wazee, shilingi 2,000 kwa mwezi. Yule kijana akafungua makaratasi yake ya chuo: wazee maskini, kuanzia miaka 65. Akamwambia, "Bibi, wewe unastahili kabisa." Bibi akamuuliza, "Una hakika, mwanangu?" Akasema anayo.

Karatasi ile haikuwa ya uongo. Ilikuwa kweli katika mwaka wake. Mpango wa pesa za wazee ulianza kwa maskini wa miaka 65, na jirani aliingia wakati huo. Ulipobadilishwa ukawa wa wazee kwa jumla, si maskini peke yao, na malipo kuanza 2018, umri ulipanda hadi 70. Walioingia mwanzo waliendelea kulipwa. Kwa hiyo ukimtazama jirani bila kuijua historia ya sera, utadhani sheria ni ile ile.

Neno la mtu aliyevaa kitambulisho cha kazi shingoni halikai ndani ya nyumba moja. Jioni muuza duka alikuwa ameshasikia, naye hakuwa mtu mbaya. Akamfungulia bibi ukurasa kwenye daftari la madeni: unga, sukari, mafuta, mwisho hata mabati ya kuezekea jiko. Wakasafiri kwenda Amu wakati wa kusi, bahari imechafuka, bibi akitapika njia nzima. Afisa alikitazama kitambulisho, akamweleza kwa upole arudi akitimiza 70, na hata hapo asubiri usajili ufunguliwe, maana hufunguliwa kwa awamu. Safari ikaishia hapo.

Kijana alimaliza muda wake akaenda kwao. Deni lilibaki. Mtoto wa bibi, mvuvi, alililipa kwa samaki mpaka likaisha. Baadaye walipokuja wenzetu kuandikisha watoto wenye ulemavu, mtaa ule uliwafungia milango. "Mwatuandika, mwatuandika, hatuoni kitu." Mpaka leo naona hasara ya milango ile ilizidi ya duka.

Dawa yake ilikuwa simu moja kwa afisa, na maswali mawili: sheria ya sasa inasemaje, na usajili uko wazi? Kabla ya kupata jibu, neno lako kwa mzee ni "nitakuulizia", basi. Na ukikuta mwaka wa kuzaliwa kwenye kitambulisho ulikisiwa tu, kama wa wazee wengi wa visiwani, shughulikia marekebisho mapema. Siku ya usajili utakuwa umechelewa.

Kuhusu watoto: usikimbilie kituo cha kulelea watoto. Mkakati wa kitaifa wa 2022 unalenga kuwatoa watoto vituoni na kuwarudisha kwenye familia ndani ya miaka kumi. Sheria ya 2022 inaitambua kafala, yaani kumlea mtoto wa mwingine bila kubadilisha nasaba yake, jambo ambalo familia za Kiislamu hapa zimelifanya miaka yote bila karatasi. Sasa karatasi ipo, wasaidie waifuate kupitia kwa afisa wa watoto. Namba 116 ya kuripoti mateso ya mtoto haina malipo. Iwe kwenye simu yako.

Wa ulemavu, tathmini ya hospitali kwanza, mengine baadaye. Pesa za Inua Jamii ni kwa mwenye ulemavu mkubwa, wa kuangaliwa saa zote. Si kila anayechechemea.

Na usidhani sera hushuka tu kutoka Nairobi. SHA humtaka asiye na ajira rasmi alipe kwa mwaka, kwa kiwango kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi. Mvuvi wa Faza hupata kwa siku, na wakati wa kusi kuna siku hapati. Mtu aliyeketi ofisini hatalijua hilo mpaka aambiwe. Andika unayoyaona, na kaunti ikiita wananchi watoe maoni, nenda uyasome mbele ya watu. Chai ya hapo ni nzuri pia.

Yaliyobaki ni ya kawaida, lakini watu hukosea hayo hayo. Muone chifu kabla ya kubisha mlango wa mtu. Usipige picha za watu wakipokea msaada. Usipokee hata mia ya "kusukuma fomu", na ukimsikia anayeipokea, mwambie afisa. Usimtajie mume aliyoyasema mke. Usiandikishe watu wakati wa kampeni ukiwa umevaa rangi ya chama. Na kitambulisho asili cha mzee usikichukue hata kwa usiku mmoja: nenda naye mpaka penye mashine ya kutoa nakala, kisha umkabidhi mkononi mwake pale pale.