Kukokotoa umbali na muda wa safari ya ndege: Nairobi hadi New York

Anza na latitudo na longitudo za viwanja vyote viwili. Jomo Kenyatta kipo latitudo -1.319, longitudo 36.928, John F. Kennedy kipo 40.640 na -73.779. Alama ya kutoa inaonyesha kusini au magharibi, na hapo ndipo hesabu nyingi huharibika: ukiisahau kwenye longitudo ya New York utapata takriban kilomita 5,970, nusu tu ya umbali halisi.

Weka kikokotoo kwenye DEG (nyuzi), si RAD (radiani), kisha:

cos D = sin A × sin B + cos A × cos B × cos L

D ni umbali kwa nyuzi, A na B ni latitudo, L ni tofauti ya longitudo, hapa 110.707. Jibu ni -0.283. Bonyeza cos⁻¹, utapata nyuzi 106.45. Zidisha kwa 111.2, yaani kilomita za kila nyuzi moja: kilomita 11,837.

Usipime kwa rula kwenye ramani ya ukutani. Dunia ni mviringo, na njia fupi kutoka Nairobi inaelekea kaskazini-magharibi, inakatiza Sahara kupitia Chad na Algeria, inatokea Atlantiki upande wa Morocco na kupita karibu na visiwa vya Azores. Rubani naye haifuati yote: anga likifungwa, kama la Sudan lilivyofungwa Aprili 2023, ndege huzunguka na kilomita huongezeka.

Sasa muda. Boeing 787 husafiri kwa takriban kilomita 900 kwa saa ikiwa angani juu. Gawanya: saa 13 na dakika 9. Lakini juu ya Atlantiki ya Kaskazini pepo kali huvuma kutoka magharibi, hasa majira ya baridi, kwa hiyo kwenda New York ni kukabili mbisho. Ukikadiria mbisho wa wastani wa kilomita 60 kwa saa, kasi inabaki 840 na safari inafika saa 14 na dakika 5. Ongeza nusu saa ya kupaa na kushuka, na dakika 25 hivi za kutembea ardhini. Jumla ni saa 15. Kurudi, upepo huohuo unasukuma kutoka nyuma. Kadiria saa 13 hadi 14.

Tiketi huandika saa za mahali, kwa mtindo wa saa 24. Ukiondoka 23:25 (saa tano na dakika 25 usiku), jumlisha 15 upate 14:25 ya Nairobi siku inayofuata, halafu toa 8, maana New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 8: unatua 06:25, saa kumi na mbili na dakika 25 asubuhi. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba toa 7, kwa sababu Marekani husogeza saa mbele. Anayetoa 23:25 kwenye 06:25 moja kwa moja hudhani safari ni ya saa saba!

Kwa safari ya kuunganisha, kokotoa kila kipande peke yake. Kupitia Dubai, jumla inazidi kilomita 14,500, na saa za kusubiri uwanjani bado hujazihesabu.