Jinsi ya kucheza ngoma isiyo ya kwenu warshani bila kuaibika na bila kuiba

Mwaka wa pili chuoni tulikuwa na warsha za ngoma kila Alhamisi asubuhi, mnaingia peku ukumbini, mnapasha mwili, mnajifunza ngoma ya kabila moja wiki kama tatu hivi, halafu mnakaa sakafuni na jasho lenu mnajadili. Mada ya muhula ule ilikuwa kupora utamaduni, yaani wakati gani kucheza cha mwenzio ni kujifunza na wakati gani ni wizi. Kuna madogo wanaanza mwaka huu wameniuliza wajiandaeje, basi nayaandika yote hapa nisirudie.

Vaa traki au suruali isiyobana, beba kanga ya kufunga kiunoni, beba maji, na usishindilie chapati nne kabla ya kuingia, nimejaribu, sirudii.

Sasa lenyewe. Kabla hujakariri hata hatua moja uliza ngoma hii inachezwa lini, wanacheza kina nani, na watu wametoka kufanya nini. Mimi sikuuliza. Tulianza na bugobogobo ya Wasukuma, ile ya majembe, nikaona mbona rahisi, jembe unarusha, unadaka, unazungusha, nikawa nalirusha juu kama kiongozi wa bendi, mzee aliyekuja kutufundisha akasimamisha ngoma akaniuliza, "Sasa mwanangu, hapo unalima au unafukuza kunguru?" Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Kumbe ngoma yenyewe imetoka shambani, mgongo unainama kwa sababu ardhi iko chini, ngoma inawasukuma watu walime pamoja, na zile mbwembwe za kurusha zipo kweli, maana kule kuna makundi mawili hasimu, Bagika na Bagalu, wanagombea watazamaji, nenda Bujora pale Mwanza sikukuu ya Bulabo utajionea, ila mbwembwe zinakaa juu ya kazi. Nilipoelewa hivyo mwili ukakaa wenyewe, hata kuhesabu moja mbili tatu niliacha.

Halafu ikaja sindimba. Hapa muwe makini jamani. Wengi wetu tunaijua ya jukwaani, kiuno tu mwanzo mwisho, watu wanapiga miluzi. Tulikuwa na mwenzetu mmoja Mmakonde wa Newala, kimya siku nzima, mwisho akasema kwao sindimba inaendana na mambo ya jando na unyago, kuna familia zinasubiri watoto wao warudi, na sisi tumebakiza kiuno tumetupa sherehe. Hakuna aliyemjibu. Hapo ndo nilijifunza kitu kingine: mwenye ngoma akiwa darasani usimgeuze mwalimu wa bure, usimuulize "eti kwenu mnafanyaje?" mbele ya watu thelathini, mngoje nje, muulize kama anataka kuongea, na akisema haya ni ya ndani hayasemwi, mada imeisha. Mambo ya unyago hasa, yana wenyewe.

Kwenye mjadala usianze na "utamaduni ni wetu sote", utaongea dakika kumi hujasema kitu. Shika mfano mmoja ubane nao. Mimi nilishika shuka la Kimasai, Louis Vuitton, wale wa mitindo ya bei mbaya kutoka Ufaransa, walileta nguo za mirabamiraba ile kwenye mavazi ya kiume ya mwaka 2012, ukauliza Mmasai kapata nini jibu unalijua. Mwingine akaleta Beyoncé, video ya 2011, wale vijana wacheza dansi wa Msumbiji, Tofo Tofo, aliwasafirisha wakamfundishe wenyewe dansi yao na wakaonekana kwenye video, hiyo ni tofauti, tukabishana hapo saa nzima kama inatosha. Kenya wameshatunga sheria kabisa, ya 2016, ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, kwa hiyo hata ubishi wa "haiwezekani kuandikwa kisheria" usiulete.

Na jiandae kwa yule atakayesema mbona na sisi tunaiga. Ni kweli tunaiga! Beni, ile ngoma ya pwani ya Mombasa na Lamu, ilichukua matarumbeta, gwaride na vyeo vya wakoloni. Ila mwangalie nani alikuwa na bunduki na nani alikuwa na ngoma. Mwenye nyumba akichukua sufuria ya mpangaji na mpangaji akimwigiza mwenye nyumba anavyotembea, ukiviita vyote wizi utakuwa umechoka tu. Hii ndo hoja yangu na bado naishikilia.

Likija onyesho la mwisho wa muhula, tangaza jina la ngoma, la watu wake na la aliyekufundisha, kabla ya kucheza, siyo baadaye watu wakiwa wanatoka. Kama kuna kiingilio mzee apate fungu lake, mpangane mapema tena kwa maandishi, sisi tulisahau ikabidi tuchangishane nauli yake. Klipu usirushe mtandaoni bila kumuuliza, na ukirusha usiandike "ngoma ya Kiafrika", andika bugobogobo.

Ah, na jembe kagueni mpini kwanza kabla ya mazoezi. Letu lilichomoka.